Ukiulizwa Pièce

Schaerbeek, Jumamosi ya mwisho ya Agosti 1997

Furaha, mama yangu,

Mama yako ameshakuambia yote ya kuambiwa: koti usilisahau kwenye treni, mchele upimwe kwa kikombe na si kwa macho, usifungue mlango kwa mtu usiyemjua hata akisema ametumwa na mchungaji. Mimi sina cha kuongeza hapo. Nimeachiwa kazi ya kuangalia chungu cha sombe, majani ya muhogo yasiyojua haraka, huku ninyi wawili mmekwenda Matonge kusukwa nywele, maana unajua mama yako, mtoto wake hawezi kuingia shule ya watu na kichwa kama kiota. Basi nimekaa hapa jikoni, mwiko mkono huu, kalamu mkono huu, nimechoka kama mtu aliyeshinda akipakua simenti. Na kitu nilichobeba leo kilikuwa kidogo tu, kinaenea kwenye kiganja.

Unakijua. Ukiwa unasoma barua hii umeshafika Liège, umefungua sanduku, umekifungua kile kitenge cha bluu ulichokificha chini ya sweta, na badala ya chuma umekuta karatasi. Usimkasirikie mama yako, hakukigusa. Ni mimi. Jana nililishusha sanduku lako ngazini nione kama mkanda wake utashika, na mkono ukaniambia kwamba mle ndani kuna kitu ambacho si nguo wala si kitabu. Mtu aliyekereza chuma tangu ujana hadanganyiki kwa uzito. Nikafungua. Kwa kufungua sanduku la binti mkubwa kama wewe naomba radhi. Kwa kilichofuata siombi.

Najua kwa nini ulikichukua. Keshokutwa utaingia darasa la mafundi bunduki, na kwa jinsi tulivyoona siku ile ya kuandikishwa, utakuwa msichana peke yako na mweusi peke yako. Ulitaka uwe na kitu cha kuweka mezani mbele ya walimu na wale vijana, waone kwamba hukupotea njia ukaingia kwao, kwamba baba yako alikifanya hiki kwa mikono yake kwenye kijumba cha chini ya ardhi hapa Schaerbeek. Niliketi ngazini na kitenge chako mapajani, na Furaha, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Halafu nikaona mwalimu wako akikigeuza kile kipande, akitafuta muhuri, asiuone, na akikuuliza umekitoa wapi. Shule ingekutoa kabla hujajua choo kiko upande gani.

Lakini ungejuaje? Nilikuambia "rudisha mahali pake" siku ulipokikuta ndani ya kopo la maziwa, na nikakugeuzia mgongo. Mtoto hakatazwi kitu kwa mgongo. Ngoja leo nikueleze, sombe inachukua muda wake.

Ulikuwa mdogo tulipohamia hapa, sijui kama unamkumbuka vizuri mzee Firmin wa ghorofa ya chini. Mbelgiji, mjane, miguu imevimba, mifuko imejaa pipi za tangawizi ambazo hakuna mtoto aliyezitaka. Alikuwa amefanya kazi kwetu Likasi zamani, mji ukiwa bado unaitwa kwa jina la Mzungu, na alikuwa mkuu wa karakana. Kiswahili chake alijifunzia humo, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha amri tupu. Siku tuliyohamia alinikuta mlangoni nikihangaika na friji, akanifokea, "Weye! Shika huku! Inua! Pole-pole, weye!" Damu ilinipanda. Nikajisemea, nimekimbia nchi yangu mpaka huku, na bado Mzungu ananiamrisha kwa lugha ya mama yangu. Kumbe mzee alikuwa anataka kunisaidia kubeba. Hakuwa na neno la kuomba katika Kiswahili chake. Hakuna aliyemfundisha.

Mimi nilikuwa fundi wa kukereza, nimefunzwa katika karakana ya mgodi. Ubelgiji ilinipa ufagio. Unaijua kazi yangu ya Evere, ofisi zile ninazosafisha watu wakiwa wameshaondoka, na sitailalamikia kwa sababu imewalisha. Lakini kule chini, kwenye kave ya Firmin, kile kijumba cha chini ya ardhi, kulikuwa na tour, ile mashine ya kukereza, ndogo, ya zamani, imepakwa mafuta vizuri. Mara ya kwanza nilipoiwasha na chuma kikaanza kujikunja mbele ya kisu, chembamba kama ganda la chungwa, nililia. Firmin akanitazama, akasema, "Usilie juu ya machine. Inashika kutu."

Yeye alikuwa mpenzi wa bunduki za kale za kuwindia. Hakuwa mwindaji. Jumapili alikwenda kwenye klabu ya kulenga shabaha upande wa Auderghem, karibu na msitu, na siku nyingine alizifungua, akazisafisha, akazifunga. Bunduki za namna ile skurubu zake haziuzwi tena popote, springi zake hazipo. Basi tulizifanya wenyewe. Skurubu, springi, pini ndogo, na ile nyundo inayopiga, ambayo Wafaransa wanaiita chien. Firmin aliitafsiri vilevile: mbwa. Nilikuwa nikimaliza kuipiga msasa, ananiuliza, "Ilunga, mbwa ya leo inauma?" Nilikuwa nikitoka kufagia, nashuka kwake kwanza kabla ya kupanda kwetu, na mama yako alijua kwa harufu ya mafuta. Zile ndizo saa ambazo nchi hii niliiona nzuri.

Sasa sikia jambo moja kuhusu meza ya Firmin. Alikuwa ameichora mstari wa chaki katikati, na kila ulipofutika aliuchora upya kabla hatujagusa chombo. Upande wa kushoto vilikaa vile vidogo nilivyokutajia. Upande wa kulia vilikaa mtutu, na carcasse, yaani lile fuko la chuma linaloshika vyote, na culasse, kile kipande kinachofunga mlango wa nyuma wa mtutu wakati risasi iko ndani. Hivyo vitatu sheria inavihesabu kama bunduki yenyewe. Havitengenezwi na mtu wa kupenda tu. Vinakwenda kwa fundi mwenye kibali, na vinakwenda Liège kupimwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida, na visipopasuka vinagongwa muhuri. "Huku ya sisi," alikuwa akisema, "kule ya Liège." Mkono wangu ukivuka mstari hata kwa kuokota kitambaa, alinipiga kofi juu yake kama mtoto.

Mimi niliuona ule mstari kama kizuizi cha barabarani. Unajua kwetu kizuizi ni nini: askari wana njaa, wameweka kamba njiani, unatoa kitu unapita. Nilidhani sheria yote ndivyo ilivyo, kamba ya watu wenye njaa. Firmin hakuwa mtu wa kubishana. Alinionyesha picha ya rafiki yake wa ujana, jicho moja limefungwa kitambaa cheusi. Culasse ilimrudia usoni, ilitengenezwa na mtu mwenye mikono mizuri sana. Niliitazama ile picha, nikasikitika, na sikuelewa kitu.

Kulikuwa na bunduki moja ukutani kwake, ya babu yake, ambayo haikuwa na culasse. Ilipotea zamani. Ilikuwa pambo tu. Firmin alikuwa akiitazama akila supu. Nikamwambia, mzee, mimi naweza. Akasema, "Hapana. Ya Liège." Nikamwambia tena siku nyingine, akasema hapana bila hata kuinua kichwa. Lakini kule Liège walikuwa wamemtajia bei, na alikuwa mtu wa pensheni, nikajua haitakwenda Liège kamwe. Naye alikuwa ameanza kukohoa.

Furaha, nikikuambia niliifanya kwa upendo tu nitakuwa naongopa. Upendo ulikuwemo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa ufagio, na nilitaka yule mzee aliyekuwa mkuu wa karakana ya wazee wetu aishike kazi yangu mkononi na akose neno. Yeye akiwa Jumapili klabuni, mimi nilishuka kave. Funguo nilikuwa nazo, alinipa mwenyewe kwa kuniamini. Nilivuka mstari wake yeye akiwa hayupo, na nikaufuta kwa kiwiko nilipokuwa nikiinama, na nikauchora upya asijue.

Kazi ilitoka nzuri. Umeishika, unajua. Sijawahi kufanya nyingine kama ile na sitaifanya. Siku ya kuzaliwa kwake nilimpelekea imefungwa kwenye kitambaa. Aliigeuza, akaileta kwenye taa, akapitisha ukucha kwenye kila kona. Kisha akasema kwa Kifaransa, na hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu nami alisema Kiswahili siku zote, "Ilunga, c'est magnifique. Et maintenant, tu vas déclarer ça." Ni nzuri kabisa, na sasa utakwenda kuitangaza.

"Si iko zawadi yako, mzee."

"Haiko ya miye. Haina muhuri, haina mwenyewe. Lundi unaenda commissariat. Miye ninaenda pamoja na weye."

Hakuitia kwenye bunduki. Hata kuijaribu kama inaingia hakutaka. Nilikasirika, mwanangu, nilikasirika vibaya. Niliinyakua, nikapanda nayo juu, nikaitia kwenye kopo la maziwa, na hiyo lundi, Jumatatu ile, sikwenda. Wiki iliyofuata sikushuka kumwona. Baadaye ambulensi ikaja kumchukua, nami nilikuwa kazini Evere, na hakurudi tena. Mzee yule alikuwa tayari kusimama nami mbele ya polisi na miguu yake ile, mimi nikamnunia. Hilo sina wa kumwomba radhi.

Baada ya mazishi, mpwa wake alitangaza bunduki zote serikalini kama inavyotakiwa, na afisa mmoja akatumwa kuzunguka kwa majirani. Ilikuwa asubuhi, wewe ulikuwa shuleni. Nilifungua mlango nikaona kofia, nikaona faili. Akasema kwa upole kwamba amekuja kwa ajili ya silaha za jirani, halafu akauliza, "Vous avez des pièces, monsieur?" Unazo pièce, bwana?

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Kabla hujazaliwa, usiku mmoja nikitoka karakana kule Likasi, askari walinisimamisha. "Pièce!" Nilikuwa nimeiacha kwenye suruali nyingine. Sitakuandikia walichonifanyia kwa sababu ya karatasi iliyobaki kwenye suruali. Tangu hapo, mtu wa serikali akitamka neno hilo, mkono wangu unakwenda mfukoni kabla akili haijafika. Kwetu pièce ni moja tu: kitambulisho. Maisha yako yamo humo.

Basi nilikimbilia chumbani. Nikatoa zote. Kadi yangu, kadi ya mama yako, karatasi zako, za kaka yako, hati za ukimbizi, hata cheti chako cha ubatizo. Nikazipanga mezani mbele ya yule afisa, mikono ikitetemeka. Akazitazama, akacheka, cheko zuri tu la mtu mwema. "Non, non, monsieur! Rangez ça, ça va." Zirudishe, haina neno. Akaona mbele yake Mwafrika mwoga asiyejua hata bunduki inashikiwa wapi. Mama yako akamletea kahawa. Akanywa, akashukuru, akaandika kitu kwenye faili, akasimama.

Niliposikia lile cheko ndipo nilipoelewa pièce alizokuwa akizitaka, yaani vipande vya bunduki. Kopo lilikuwa juu ya kabati, karibu na kichwa chake. Alifunga vifungo vya koti, akamsifu mama yako kwa kahawa, akashuka ngazi moja moja, na muda wote huo nilikuwa na mdomo. Sikuita. Kusikia vibaya kunaweza kumpata yeyote. Kunyamaza baada ya kuelewa kulikuwa kwangu mwenyewe.

Wewe unajua yaliyobaki bila kujua sababu yake. Mpwa wa Firmin alituachia tour, nami nikaifunika blanketi. Ulipoomba nikufundishe nilikufundisha skurubu za cherehani ya mama yako na vishikio vya milango, basi, na ulipouliza mbona hatufanyi kitu kikubwa nilisema macho yangu yamechoka. Kengele ya mlango ikilia nilikuwa nikitazama juu ya kabati kwanza. Kaka yako alidhani namwogopa mtu wa gesi. Kukitupa kile chuma kwenye mfereji sikuweza, kwa sababu kilikuwa kizuri. Kukipeleka polisi sikuweza, kwa sababu kila mwezi uliopita kilizidi kuwa na maelezo marefu. Ningelisema lundi ile ya kwanza, ingekuwa habari ya mtu aliyekosea akiwa na shahidi mzee kando yake.

Na sasa nifike kwenye lile ninalokwepa. Watu wa kanisa letu walikuwa wakiomba uraia mmoja baada ya mwingine. Mama yako aliniambia, baba Furaha, na sisi tuombe. Nikasema tungoje. Ukiomba, polisi wanakuja nyumbani, wanauliza, wanatazama, na mimi nilikuwa na kopo langu. Nikasema foleni ni ndefu, nikasema watoto wamalize shule kwanza, nikasema uraia si kitu cha kukimbilia. Kisha simu ikaja kutoka Likasi kwamba bibi yako amefariki. Hati yetu ya wakimbizi, unaijua, inasema nenda popote duniani isipokuwa kwenu. Mama yako aliketi kwenye godoro hapo sebuleni, wamama wamemzunguka, akasema bila kunitazama, "Tungekuwa na nationalité, ningeenda kumuzika mama yangu." Alisema hivyo tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Kwa pièce moja niliyoificha nilimnyima yeye pièce aliyoihitaji, naye hakujua, akanipokea sinia na kuniambia ahsante.

Leo asubuhi, wewe ukiwa bado umelala, nilimwambia. Hapa hapa jikoni. Nilimwekea kile chuma mezani, nikamweleza mpaka mwisho. Alikitazama kama mtu anayetazama mdudu.

"Myaka yote hii?" akasema. "Sababu ya ile chuma?"

"Ndiyo."

"Nililia hapa, weye ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Haukuniambiaka."

Aliinuka, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, akakaa tena. Halafu akauliza, "Na Furaha alikitia mu sanduku?" Nikasema ndiyo, alitaka kuwaonyesha walimu wake. Hapo ndipo alipolia, kwa muda mfupi. Akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Bon," akasema. "Mutoto aende na sanduku nyepesi. Weye utapeleka leo, usingojee lundi. Lakini unywe kwanza chai, utaanguka njiani." Tangu wakati huo hajasema nami neno jingine ila kuhusu sombe. Safari ya nywele ilikuwa ya kukuondoa nyumbani. Akinyamaza mezani leo, ukikumbuka baadaye usidhani ni huzuni ya kuachana nawe tu. Ni juu yangu, na ana haki, na nitakaa chini yake kwa muda atakaotaka yeye.

Nilikwenda commissariat, kituo cha polisi, kwa miguu. Tramu ilipita mbili tatu, nikaziacha. Nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa plastiki wa duka. Dirishani alikuwepo msichana, si mkubwa sana kuliko wewe, nywele amezibana nyuma. Akasema, "Bonjour, monsieur. Votre pièce?"

Mkono ulikwenda mfukoni kama kawaida yake. Nikaweka kadi yangu kaunta. Halafu nikatoa ule mfuko, nikaufungua, nikaiweka culasse kando ya kadi. Akaitazama, akanitazama. "C'est quoi, ça?" Hii ni nini?

"L'autre pièce, madame," nikamwambia. Ile pièce nyingine.

Waliniweka kwenye kiti cha korido. Akaja mwanamume mtu mzima, akaniuliza nani aliifanya, lini, kwa bunduki gani, bunduki iko wapi, nani mwingine aliyeiona. Nilisema yote isipokuwa sanduku lako, kwa kuwa hakuniuliza, na kama wangeniuliza ningesema kwamba ilitoka nyumbani kwangu na mimi ndimi niliyeileta, ambayo ni kweli. Sikumfunika Firmin wala sikumtupia, nilisema alinikataza. Yule bwana aliandika, akanisomea, nikatia sahihi. Katikati ya hayo aliinua ile culasse kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mais c'est vous qui avez fait ça? Vous-même?" Kweli ni wewe mwenyewe uliyeifanya? Furaha, kichwa kilianza kuvimba palepale, kwenye kiti cha polisi. Ilibidi nikiambie kikae chini.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenifungia. Wameibakiza, karatasi zitakwenda kwa mwendesha mashtaka, nami nitaitwa. Huenda likawa onyo, huenda faini, huenda zaidi ya hapo. Uraia sasa utazidi kuchelewa, na hilo mama yako analijua. Sijui. Nilipotoka nje nilitegemea nitajisikia mwepesi kama watu wanavyosema kanisani, lakini nilijisikia mchovu tu, kama mtu aliyeteremsha mzigo na sasa ndiyo anasikia mgongo. Nilirudi nyumbani, nikatoa blanketi kwenye tour, nikaifuta vumbi. Kengele ya mlango ililia nikiwa kule chini. Nikapanda kufungua bila kutazama juu ya kabati. Alikuwa mtoto wa jirani anatafuta mpira.

Sitakuambia uwe mwaminifu, hilo uliambiwa Sunday school na mtu anayelijua kuliko mimi. Una mikono yangu. Nimeiona ikishika chuma, haina papara. Ninachoogopa ni kwamba mikono hiyo itakujia siku moja na kukuambia "mimi naweza," na itakuwa kweli, na ndiyo siku ya kuuliza kama unaruhusiwa. Uliza mapema, wakati jibu bado ni fupi. Ukikosea, nenda lundi ile ile ya kwanza. Na akitokea mzee mkorofi wa kukuambia atakwenda nawe, usimnunie. Mkubali, mshike mkono, miguu yake huenda inamuuma.

Ukikikunjua kitenge mpaka kona ya mwisho utakuta kipande kimoja nilichokuwekea. Ni chaki ya Firmin, ile iliyobaki kwenye droo ya tour. Hakina muhuri na hakihitaji. Meza watakayokupa shuleni, uichore mstari kabla hujagusa chombo, hata wale vijana wakikucheka. Watacheka wiki moja.

Nawasikia ngazini, mama yako anahema na wewe unacheka. Sombe imeshika chini ya chungu, nitasingizia gesi. Hapana, nitasema ukweli, nilikuwa naandika.

Nenda, mama yangu. Na keshokutwa ukifika mlangoni mwa shule hiyo, mtu wa kofia akikuambia "pièce", usitetemeke kama baba yako. Muulize kwanza ni ipi.

Ni mimi baba yako,
Ilunga